Utamu wa Trauti Huanzia Ukingoni mwa Mto

Katika mito ya maji baridi itokayo Mlima Kenya na milima ya Nyandarua yuko samaki mmoja aitwaye trauti. Mwili wake ni mwembamba na wenye utelezi, magamba yake ni madogo mno, na mbavuni ana madoadoa mengi. Watu waliomla akiwa amepikwa vizuri husema ya kuwa ni shida kupata samaki wa maji matamu ampitaye kwa ladha. Walakini wako wengine, hasa miongoni mwetu sisi wenyeji wa milimani, waliomwonja mara moja tu, wakakunja uso na kuapa kwamba hawatamla tena. Je, yawezekanaje samaki yule yule kusifiwa na huyu na kutukanwa na yule?

Jibu lake ni hili: samaki ni yule yule, lakini mikono iliyomshika ni mbalimbali. Utamu wa trauti hautoki katika bizari, wala haumo katika sufuria ya mpishi. Samaki hutoka nao mtoni, na kazi yetu ni kuulinda usipotee njiani. Mpishi hodari aweza kuutunza utamu alioletewa. Hawezi kuurudisha uliokwisha kupotea. Kwa hiyo katika makala haya tutaeleza zaidi habari za saa ile ya kwanza, tangu samaki anapotolewa majini, kisha tutaingia jikoni.

MGENI KATIKA MITO YETU

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wa kwanza waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana sana katika nchi hii. Walitoka katika ziwa la Loch Leven huko Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua ambayo wakati ule iliitwa Aberdare. Hao walikuwa trauti wa rangi ya kahawia. Baadaye waliletwa wale wenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni, ambao asili yao ni mito iingiayo katika bahari ya Pasifiki huko Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki. Samaki hao walizaana na kuenea, na leo hupatikana katika mito kama Thego, Sagana, Thiba, Naro Moru, Burguret na Nanyuki. Mwaka 1948 Serikali ya wakati ule ilianzisha kituo huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa ajili ya kuangua mayai na kulea vifaranga vya trauti.

Wakati wa ukoloni kumvua samaki huyu kulikuwa hasa mchezo wa Wazungu, wenye leseni na fimbo zao za kuvulia. Mwafrika aliyekaa ukingoni mwa mto huo huo alimjua kwa kumwona tu. Tena Wakikuyu wa zamani hawakuwa watu wa kula samaki. Chakula chao kilikuwa cha shambani na cha zizini. Basi mzee wa namna hiyo anapoletewa trauti mezani hana kumbukumbu ya utotoni ya kumsaidia kusamehe. Huhukumu chakula hicho kwa sahani ya kwanza. Ikiwa sahani hiyo yanuka, atasema kuwa samaki wote hunuka, na neno lake litashikwa na watoto na wajukuu. Hivyo samaki mmoja aliyeharibiwa kwa uzembe aweza kuinyima nyumba nzima chakula chema kilichopo mlangoni pake. Nacho ni chakula chema kweli, maana karibu sehemu moja ya tano ya mnofu wa trauti ni protini, ijengayo miili ya watoto, na mafuta yake ni ya namna inayosifiwa na waganga kwa afya ya moyo.

KWA NINI HUHARIBIKA UPESI

Kabla ya kufundisha dawa yafaa kuujua ugonjwa. Adui za ladha ya samaki ni watatu.

Adui wa kwanza ni damu. Samaki aliyeachwa atapetape juu ya majani mpaka afe mwenyewe hutumia nguvu zote zilizomo mwilini mwake. Uchungu wa asidi hujaa katika mnofu, mwili hukakamaa mapema, na damu hubaki ndani ya nyama. Damu hiyo huchacha upesi, nayo ndiyo huleta ile harufu kali ambayo watu huiita shombo.

Adui wa pili ni matumbo. Samaki akiisha kufa, yale maji ya tumboni yaliyokuwa yakisaga chakula chake hayajui kwamba mwenyewe amekufa. Huendelea na kazi, nayo husaga kuta za tumbo na mnofu ulio karibu. Kama samaki alikuwa ameshiba wadudu wakati alipovuliwa, kazi hiyo huenda mbio zaidi. Ndiyo sababu samaki ambaye hakutumbuliwa huonekana jioni tumbo lake limelainika na miiba ya mbavu imechomoza.

Adui wa tatu, aliye mkubwa kuliko wote, ni joto. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa katika ute wa ngozi, katika mashavu na matumboni mwa samaki. Katika baridi hulala. Katika joto huzaana bila kiasi. Wataalamu wa samaki wamepima jambo hili. Samaki aliyewekwa penye joto la digrii 10 za sentigredi huharibika upesi karibu mara nne kuliko yule aliyelazwa katika barafu inayoyeyuka, yaani digrii 0. Akiwekwa penye digrii 20, huharibika upesi karibu mara tisa. Digrii 20 si joto kali. Ni joto la kivulini tu katika miji yetu ya milimani mchana. Basi fikiri juu ya samaki aliyetiwa katika mfuko wa nailoni na kuning'inizwa juani kwenye usukani wa baiskeli!

KAZI ZA UKINGONI

Kwanza, samaki auawe mara moja. Mshike kwa mkono uliolowa, mpige kwa kijiti kizito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, pigo moja au mawili yenye nguvu. Hii ni huruma kwa kiumbe, na pia ni faida kwa mlaji. Usimbane kwa nguvu wala usimtupe juu ya mawe, kwa maana kila palipogongwa damu huvilia, na mahali hapo pataonekana peusi katika sahani.

Pili, mtoe damu. Kata mashavu yake mekundu upande mmoja kwa kisu chenye makali, kisha mwelekeze kichwa chini katika maji yanayokwenda kwa dakika mbili tatu. Maji ya mto yatakuwa mekundu, kisha yatakuwa meupe tena. Hapo kazi imekwisha.

Tatu, mtumbue papo hapo, usingoje kufika nyumbani. Ingiza ncha ya kisu katika tundu lililo karibu na mkia, upasue kwenda mbele hata chini ya kidevu. Usizamishe kisu sana usije ukaikata nyongo, kwa kuwa nyongo ikipasuka huacha uchungu. Ikiwa imepasuka kwa bahati mbaya, osha mara moja na usugue mahali hapo kwa chumvi. Vuta matumbo na mashavu yote yatoke pamoja.

Nne, na hili ndilo husahauliwa na watu wengi: tazama ndani, juu kabisa, chini ya uti wa mgongo. Utaona mstari mweusi mwekundu kama utepe wa damu uliofunikwa na ngozi nyembamba. Wengi hudhani ni damu iliyoganda, kumbe ni figo ya samaki. Ipasue ile ngozi kwa ncha ya kisu, kisha sukuma utepe huo kwa ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani mpaka kichwani hata utoke wote. Ukiuacha, huchacha kabla ya sehemu nyingine yo yote na kutia uchungu katika mnofu wa mgongoni, ambao ndio ulio mtamu zaidi.

Tano, mwoshe upesi katika maji safi, kisha mpanguse kwa kitambaa safi, ndani na nje, mpaka awe mkavu. Wako watu wamwachao samaki ndani ya ndoo ya maji mpaka jioni, wakidhani ya kuwa aliyeishi majini hatadhurika na maji. Sivyo. Samaki aliyekufa hunywa maji kama sifongo. Mnofu wake hulegea na ladha yake huyeyuka na kwenda zake.

Sita, mbebe katika kikapu kinachopitisha hewa. Tandika majani mabichi safi chini yake, mfunike kwa kitambaa au gunia safi lililoloweshwa na kukamuliwa. Upepo unapopita hukausha gunia, na katika kukausha huko baridi hupatikana, kama vile maji yanavyopoa katika mtungi wa udongo. Weka kikapu kivulini, na ulilowesha gunia kila linapokauka. Usitumie mfuko wa nailoni, kwa kuwa ndani yake samaki hutoka jasho na kuiva katika joto lake. Kama una barafu ni bora zaidi, lakini maji yake yapate njia ya kutoka, samaki wasije wakaogelea ndani yake.

Matumbo usiyatupe mtoni wala njiani. Yafukie shambani, ni mbolea nzuri. Kadhalika kumbuka kwamba sheria ya nchi yetu yataka mvuvi awe na leseni, na kwamba samaki wachanga warudishwe majini. Mtu anayetia sumu mtoni au kuziba mto kwa wavu huwala wajukuu wake chakula chao.

MZEE ALIYEKATAA, KISHA AKAOMBA

Katika kijiji kimoja upande wa Nyeri, kijana mmoja alipata leseni, akavua trauti wanne siku moja. Aliwatia wote katika mfuko wa nailoni pamoja na matumbo yao, akashinda mtoni tangu asubuhi mpaka saa tisa. Alipofika nyumbani aliwaloweka katika ndoo, na jua lilipokuchwa wakakaangwa kwa bizari nyingi. Baba yake, mzee ambaye hakuwahi kula samaki, alionja kipande kidogo kwa kumpendeza mwanawe, akakiweka chini.

"Mwanangu," alisema, "nimekula chakula cha njaa nyingi, lakini hiki kinanuka kama dimbwi wanyweapo ng'ombe. Kuleni ninyi."

Kijana aliona haya, akataka kuacha uvuvi kabisa. Lakini dada yake mkubwa, ambaye alifanya kazi katika jiko la hoteli, alipokuja kuwaamkia wazazi alisikia habari hiyo, akacheka.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe ulimpikia Baba samaki, au ulimpikia matumbo ya samaki? Twende wote mtoni, nikuonyeshe."

Walikwenda, wakapata wawili tu. Waliwaua mara moja, wakawatumbua juu ya jiwe, wakausukuma ule utepe mweusi, wakawafunika kwa gunia bichi. Jioni waliwapika kwa chumvi na siagi peke yake. Mama ndiye aliyetangulia kula, naye hakusema neno, akaongeza kipande cha pili. Mzee alimtazama mkewe, akavuta sahani karibu. Alipokwisha kula aliuliza, "Mto huo wafungwa lini?" Watu wote wakajua kwamba anataka wengine.

Hatuwezi kusema kwamba kila mzee atageuka hivyo. Mila ni ya mtu, na asiyetaka samaki asilazimishwe. Lakini ni haki kwamba anayemkataa amkatae samaki mwenyewe, wala si uzembe wa mvuvi.

HABARI ZA LADHA YA MATOPE

Siku hizi watu wengine hufuga trauti katika mabwawa yaliyochimbwa kandokando ya mito ya milimani. Wapo wanaolalamika kwamba samaki hao, hata wakitumbuliwa vizuri, huwa na ladha ya udongo. Malalamiko hayo yana ukweli, na sababu yake yajulikana.

Bila shaka msomaji aijua ile harufu inayopanda kutoka ardhini mvua ya kwanza inapoanguka juu ya udongo mkavu. Kitu kiletacho harufu hiyo huitwa jiosmini. Hutengenezwa na vijidudu vya udongo, na tena na mwani fulani wa rangi ya samawati na kijani unaoota katika maji yaliyotulia yenye jua na uchafu mwingi. Samaki akiishi katika maji hayo, jiosmini huingia kwa njia ya mashavu na kukaa katika mafuta ya mwili wake. Haina sumu, lakini ulimi wa mwanadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno.

Dawa iliyo bora hufanywa samaki angali hai. Mfugaji awahamishe samaki anaotaka kuuza, awatie katika tangi au birika lenye maji safi yanayoingia na kutoka mchana na usiku, asiwape chakula. Siku kwa siku ladha ya matope huwatoka. Siku chache hutosha ikiwa ilikuwa kidogo; ikiwa nyingi huenda zikahitajiwa wiki mbili au zaidi, maana katika maji baridi samaki hujisafisha polepole. Kukaa bila chakula huko kuna faida nyingine: tumbo huwa tupu, na yule adui wa pili hupungukiwa na silaha.

Kama samaki amekwisha kufa na ana ladha hiyo, mpishi aweza kuipunguza, si kuiondoa yote. Na amchune ngozi, akate mafuta ya tumboni na ule mnofu wa rangi ya giza uliopo katikati ya ubavu, kwa maana humo ndimo jiosmini ilimojificha. Kisha amnyunyizie maji ya ndimu au siki, amwache kwa dakika 15, ampanguse. Asimwache kwa muda mrefu, maana asidi hufanya mnofu kuwa mweupe na mgumu kana kwamba umechemshwa.

Anunuaye sokoni naye ajue kutazama. Samaki mzuri ana macho yaliyotuna na kung'aa, mashavu mekundu, na mnofu ambao ukiubonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Harufu yake ni ya maji safi. Tena asishtuke akiona mnofu wenye rangi ya waridi. Rangi hiyo si dalili ya kuoza. Hutokana na kamba wadogo waliokuwa chakula cha samaki huyo, au chakula alichopewa na mfugaji.

SASA JIKONI

Trauti hahitaji kuparwa, kwa kuwa magamba yake ni madogo na hulainika motoni. Lakini hapana budi kujua jambo moja kuhusu wakati. Saa chache baada ya kufa samaki hukakamaa kama ufito, kisha hulegea tena. Ukimpika angali anakakamaa, hujikunja katika kikaango na ngozi hupasuka. Kwa hiyo aliyevuliwa asubuhi na kuwekwa penye baridi ni mzuri zaidi jioni. Ikiwa njaa haikubali kungoja, mkate ngozi kidogo mara tatu kila upande, asipate nguvu ya kujikunja.

Robo saa kabla ya kupika, mpake chumvi ndani na nje. Chumvi huvuta maji ya ziada na kukaza mnofu. Kisha mpanguse tena awe mkavu kabisa, kwa maana samaki aliyelowa hakaangiki. Huchemka katika mvuke wake na kushikamana na chuma.

Kumkaanga. Mpake unga mwembamba wa ngano au wa mahindi, ukung'ute unaozidi. Pasha kikaango moto kwanza, kisha tia mafuta ya kiasi. Yakianza kumetameta, mlaze samaki humo, usimguse. Samaki wa robo kilo huhitaji dakika nne au tano kila upande. Ngozi ikiisha kuiva hujiachia yenyewe; ukimgeuza kabla ya wakati huo utabaki na ngozi kikaangoni na nyama mkononi. Mwishoni tia kijiko cha siagi na matone ya ndimu, basi.

Kumwoka katika jani la mgomba. Pitisha jani juu ya moto mpaka lilegee. Ndani ya samaki tia vipande vya kitunguu, dania na chumvi. Mfunge barabara, umlaze juu ya makaa yasiyo na miali kwa muda wa dakika 15 au 20, ukimgeuza mara moja. Jani huyazuia maji ya samaki yasikauke, nalo humwachia harufu nzuri. Njia hii yafaa sana nyumba isiyo na mafuta ya kutosha.

Kumtokosa. Chemsha maji na kitunguu, karoti, chumvi na vijiko viwili vya siki kwa robo saa. Punguza moto mpaka maji yatetemeke tu bila kutoa mapovu, kisha mtie samaki kwa dakika nane au kumi. Wafaransa humpika hivyo trauti aliyeuawa wakati ule ule, wala hawaufuti ute wa ngozi yake. Ute huo ukikutana na siki hugeuka rangi ya samawati, nao huiona rangi hiyo kuwa shahidi kwamba mgeni hakudanganywa. Mgonjwa na mtoto mdogo wafaa kupewa samaki aliyetokoswa, baada ya kutolewa miiba.

Kwa njia zote hizo, kosa kubwa la wapishi wetu ni kumwacha motoni kupita kiasi, kana kwamba ni nyama ya ng'ombe mzee. Mnofu wa samaki ni mwororo. Hesabu dakika 10 kwa kila unene wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, kisha mtazame. Chomeka ncha ya kisu karibu na uti wa mgongo. Mnofu ukiwa bado waonekana kama kioo, ngoja. Ukiwa umegeuka usioonyesha, na kuachana vipande vipande bila kulazimishwa, umeiva. Ishara nyingine ni pezi la mgongoni: likivutwa hutoka bila ubishi. Lakini pia asiliwe mbichi, maana samaki wa maji matamu aweza kuwa na wadudu wa kudhuru.

Juu ya bizari tungependa kusema kwa upole. Bizari, tangawizi na pilipili ni vitu vyema, lakini vingi vyake huwekwa ili kuficha. Samaki aliyetunzwa hana la kuficha. Jaribu mara ya kwanza kwa chumvi, ndimu na siagi tu, umjue alivyo. Baadaye ongeza upendavyo, kwani mchele mmoja mapishi mbalimbali. Pamoja naye wafaa ugali, au viazi, au mukimo, na mboga za majani. Kichwa na mifupa visitupwe. Vichemshwe kwa nusu saa pamoja na nyanya na kitunguu, vitoe mchuzi mwepesi wenye nguvu.

Wazee wa pwani walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wao walikuwa wakisema habari za kulea watoto, lakini maneno yao yafaa pia kwa samaki mwenyewe. Lifaalo kutendwa mapema halina mbadala baadaye. Kisu kikali, kijiti, kitambaa safi na gunia bichi ni vitu vya gharama ndogo, na kazi yote ya ukingoni haizidi dakika 10 kwa samaki mmoja. Mvuvi atakayezitoa dakika hizo atampa mkewe au mama yake chakula cha kujivunia, na mfugaji atakayezitoa atapata mnunuzi atakayerudi. Mito hii ni yetu, na samaki aliyeletwa kuwa mchezo wa watu wachache sasa aweza kuwa kitoweo cha nyumba nyingi. Iliyobaki ni kumheshimu tangu atokapo majini.